Kuoanisha amplifaya, spika na waya: anza na spika, malizia na waya

Mtu akishajikusanyia fedha za seti ya muziki ya maana, mara nyingi jicho huangukia amplifaya kwanza. Ndiyo yenye taa, vitufe na uzito wa kumfanya muuzaji aongee kwa heshima. Mimi nashauri kinyume chake. Spika na chumba ndivyo vinavyotawala sauti utakayoisikia, amplifaya huchaguliwa ili iitumikie spika hiyo, na waya huja mwisho, kazi yake kubwa ikiwa ni kutoharibu. Anayefuata mpangilio huo hununua mara moja. Anayeugeuza hununua amplifaya tatu.

Hatua ya 1: Pima chumba kabla ya kwenda dukani

Chukua futi upime umbali kutoka zitakapokaa spika hadi kitakapokaa kiti chako. Namba hiyo utaihitaji muda si mrefu. Pima pia urefu na upana wa chumba, kisha piga kofi moja kali katikati yake. Ukisikia mlio wa kutetema baada ya kofi, una kuta za tofali za saruji na sakafu ya vigae zisizo na cha kunyonya sauti, kama sebule nyingi za mijini kwetu. Zulia nene, mapazia mazito na kabati la vitabu vitakusaidia kuliko badiliko lolote la amplifaya, tena kwa bei ndogo. Nalitaja mapema kwa sababu watu wengi hulaumu amplifaya kwa ukali wa sauti unaotoka kwenye vigae.

Amua pia unasikiliza kwa nguvu gani. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Muziki wa kusikilizwa kwa makini huwa na wastani wa desibeli 75 hadi 80, lakini vilele vyake, pale fidla zote za taarabu zinapoingia pamoja na dumbaki ikapigwa kwa mkono mzito, huruka desibeli 15 hadi 20 juu ya wastani huo. Kwa hiyo tuweke lengo la vilele kuwa desibeli 98 pale kwenye kiti.

Hatua ya 2: Soma karatasi ya spika

Tafuta mambo matatu: usikivu, impedansi ya kawaida, na impedansi ya chini kabisa.

Usikivu ni desibeli zinazosikika mita 1 mbele ya spika inapopewa volti 2.83. Kwenye spika ya omu 8 (omu hupima impedansi, nitakayoieleza hivi punde), volti 2.83 ni wati 1 kamili. Hapa kuna mtego. Kwenye spika ya omu 4, volti hizo hizo ni wati 2, kwa hiyo ukitaka kulinganisha kwa haki kwa kila wati, ipunguzie spika ya omu 4 desibeli 3.

Impedansi ni jinsi spika inavyoukinza mkondo wa umeme unaobadilikabadilika, na haisimami mahali pamoja. Spika iliyoandikwa omu 8 inaweza kupanda hadi 20 na zaidi kwenye baadhi ya masafa ya sauti, kuanzia besi hadi milio ya juu, kisha ikashuka hadi 3 na kitu kwenye mengine. Spika ya KEF LS50 ni mfano mzuri: karatasi yake inasema omu 8, lakini pia inakiri kuwa inashuka hadi 3.2. Mtengenezaji anayekutajia namba hiyo ya chini ni wa kushukuriwa. Asipoitaja, tafuta vipimo vilivyofanywa na watu wengine kabla hujatoa fedha.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya wati

Kanuni ni chache. Wati zikiongezeka mara mbili unapata desibeli 3 zaidi. Zikiongezeka mara kumi unapata desibeli 10, ambazo sikio huzipokea takriban kama sauti iliyoongezeka maradufu. Ukisogea mbali kutoka mita 1 hadi mita 3 unapoteza desibeli 9.5 mahali pa wazi. Ndani ya nyumba hupotezi nyingi kiasi hicho, maana kuta hurudisha sehemu. Spika ya pili inaongeza kama desibeli 3.

Tuichukue LS50 hiyo, yenye usikivu wa desibeli 85, na kiti kiwe mita 3. Toa 9.5, ongeza 3, unabaki na 78.5 kwa wati 1. Mpaka kufikia 98 kuna pengo la desibeli 19.5, yaani karibu wati 90. KEF wenyewe wameandika amplifaya ya wati 25 hadi 100, na kwa kuwa chumba kinakurudishia desibeli kadhaa, amplifaya nzuri ya wati 60 itakutosha bila kuhangaika.

Sasa chukua spika ya Klipsch Heresy, yenye desibeli 99 kwa mujibu wa kampuni. Hesabu ile ile inakupa pengo la desibeli 5.5 tu, ambalo linajazwa na wati 3.5. Ndiyo maana wapenzi wa valvu (ile taa ya kioo inayokuza sauti) ya 300B, ambayo ikitumika peke yake hutoa kama wati 8, hukimbilia spika za pembe, zenye mdomo kama wa tarumbeta, za aina hii. Wakiiunganisha amplifaya hiyo na LS50, muziki utachoka kabla ya wimbo kufika kwenye kiitikio.

Mfano wa tatu naupenda zaidi kwa sababu unafundisha kiasi. BBC ilibuni spika ndogo ya LS3/5A katika miaka ya 1970 kwa ajili ya mafundi waliokaa ndani ya magari ya matangazo ya nje, na usikivu wake ni kama desibeli 82.5. Kwa kiti kilicho mita 3, hesabu inadai karibu wati 160. Spika ile haikuundwa kubeba umeme huo. Jibu hapa si kununua amplifaya kubwa. Sogeza kiti hadi mita 1.5, na hitaji linashuka hadi wati 40. Mle garini fundi alikaa karibu nayo, na inapendeza inaposikilizwa hivyo.

Neno moja kuhusu namba za kwenye maboksi. Ukiona "PMPO", namba ya kilele ya kuvutia wanunuzi, na maelfu ya wati, kama kwenye sabufa nyingi za madukani, usiingize namba hiyo kwenye hesabu yoyote. Tafuta wati za RMS, yaani za mfululizo, zilizopimwa chaneli zote mbili zikifanya kazi kwa pamoja. Ukiwa na shaka, geuza kifaa usome kibandiko cha nyuma kinachoonyesha wati zinazovutwa kutoka ukutani. Kifaa kinachovuta wati 90 hakiwezi kutoa 1000 mfululizo.

Usiogope pia amplifaya yenye wati nyingi kidogo kuliko zilizoandikwa kwenye spika, ilimradi mkono unaoshika kitufe cha sauti una adabu. Spika nyingi huungua twita (kispika kidogo cha masafa ya juu) mtu anapoilazimisha amplifaya ndogo kupita uwezo wake. Vilele vya mawimbi hukatwa, wastani wa nguvu hupanda, na mikwaruzo ya masafa ya juu inayozaliwa hapo huishia kwenye koili nyembamba ya twita.

Hatua ya 4: Hakikisha amplifaya ina mkondo wa kutosha, si volti tu

Hatua hii ndiyo hutenganisha amplifaya ya kweli na ya maonyesho. Amplifaya ya wati 100 kwa omu 8 inatoa volti 28.3, na mkondo wa ampia 3.5. Spika ikishuka hadi omu 3.2 wakati volti ni zile zile, mkondo unaodaiwa unaruka hadi ampia 8.8, na nguvu hadi wati 250. Je, transfoma na transista zilizomo zinaweza kutoa kiasi hicho? Linganisha wati kwa omu 8 na wati kwa omu 4. Iliyoandikwa 100 kwa 8 na 180 au zaidi kwa 4 ina misuli. Iliyoandikwa 100 kwa 8 na 110 kwa 4 inakuambia yenyewe kwamba huko chini itaishiwa pumzi. Isiyotaja omu 4 kabisa, iache kama spika zako ni ngumu.

Ugumu wa spika hautokani na omu pekee. Mahali ambapo impedansi iko chini na hapo hapo mkondo na volti vimepishana kwa pembe kubwa, amplifaya hupata joto kuliko namba inavyodokeza. Spika zenye wufa (vipaza vya besi) nyingi na krosova (saketi inayogawa masafa) tata ndizo mara nyingi huwa hivyo. Ziko spika zilizopata sifa kwa ukali wa aina hii. Apogee Scintilla ya miaka ya 1980 iliweza kushuka hadi omu 1, na amplifaya chache sana ziliivumilia. Quad ESL ya mwaka 1957, spika ya umemetuli (inayotumia paneli zenye chaji badala ya koili) iliyobuniwa na Peter Walker, ina tabia ya kapasita. Impedansi yake ni kubwa kwenye besi na huporomoka kwenye masafa ya juu, na ukiipa amplifaya yenye volti nyingi mno, paneli zake hupiga cheche na kuharibika. Anayemiliki Quad za zamani hizo atafute amplifaya ndogo iliyo tulivu, na auheshimu ukomo wa volti.

Kwa amplifaya za valvu, nyuma utakuta vituo vya omu 4, 8 na pengine 16. Anza na kile kinachokaribia impedansi ya kawaida ya spika, kisha jaribu cha chini yake, maana mara nyingi besi hukaza. Usiwashe kamwe amplifaya ya valvu bila spika kuunganishwa, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. McIntosh ya Marekani imeweka vituo vya namna hii, omu 2, 4 na 8, hata kwenye amplifaya zake nyingi za transista, kwa hiyo kanuni ya kuchagua kituo inakuhusu huko pia.

Na kama unafikiria kuziunganisha chaneli mbili ziwe moja ili upate wati nyingi, kumbuka kila chaneli itaiona spika ya omu 8 kana kwamba ni ya omu 4, na ya omu 4 kana kwamba ni ya 2. Kwa spika ngumu ni njia ya kuelekea kwa fundi.

Hatua ya 5: Angalia ukinzani wa ndani wa amplifaya

Kila amplifaya ina ukinzani wake wa ndani kwenye mtoko. Karatasi huuficha ndani ya namba inayoitwa dampingi fakta. Gawa 8 kwa namba hiyo upate omu. Dampingi fakta ya 160 ni omu 0.05. Amplifaya ya valvu moja isiyo na mrejesho (fidibaki) inaweza kuwa na omu 2 hadi 3.

Kwa nini ujali? Chukua spika inayopanda hadi omu 20 na kushuka hadi 3.2. Kwa amplifaya ya omu 0.05, tofauti ya sauti kati ya sehemu hizo mbili ni desibeli 0.1, ambayo hakuna atakayeisikia. Kwa amplifaya ya omu 2.5, tofauti inafika desibeli 4. Hiyo tayari ni sauti nyingine kabisa. Mwimbaji anasogea mbele au anarudi nyuma, besi inavimba, kanuni (ile ala ya nyuzi ya taarabu) inapoteza ncha. Wapo wanaoipenda ladha hiyo, na ni haki yao. Lakini uijue inatoka wapi, kwa sababu amplifaya ile ile ikiwekwa kwenye spika nyingine itatoa ladha tofauti. Kwa amplifaya za aina hii, chagua spika ambayo mchoro wake wa impedansi umetulia bila milima na mabonde.

Hatua ya 6: Waya wa spika

Sasa tumefika kwenye waya, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kitu cha kwanza ni unene ukilinganishwa na urefu. Shaba ya unene wa milimita 2.5 za mraba ina ukinzani wa omu 0.007 kwa kila mita. Kwa spika iliyo mita 5 kutoka kwenye amplifaya, umeme unakwenda na kurudi, yaani mita 10, jumla omu 0.07. Kwenye spika ile ya 20 na 3.2, athari yake ni desibeli 0.16 hivi. Hapo umemaliza kazi.

Lakini mtu akitumia waya mwembamba wa 0.75 kwa mita 10, kwenda na kurudi inakuwa omu 0.46, na tofauti inakaribia desibeli 1. Hiyo inasikika. Kanuni ya kushika ni kwamba ukinzani wa waya wote usizidi asilimia 5 ya impedansi ya chini kabisa ya spika, na ukiweza ubaki chini ya hapo. Kwa sebule ya kawaida 2.5 inatosha. Kwa spika ngumu au mita 10 na kuendelea, nenda 4. Zikate za kushoto na kulia ziwe na urefu sawa, ingawa tofauti ya mita moja si janga.

Jambo la kuchunga zaidi sokoni kwetu, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi, ni waya wa alumini uliopakwa shaba. Unauzwa kwa sura ya shaba na ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba halisi. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani ya wekundu, ni alumini. Usichanganye na shaba iliyopakwa bati, ambayo ni nyeupe nje na nyekundu ndani, hiyo ni salama. Roli nzima unaweza kuipima kwa testa. Kwenye mita 100 za waya pacha wa 2.5, funga ncha mbili za upande mmoja pamoja, pima upande wa pili, kisha toa ukinzani wa nyaya za testa yenyewe. Shaba safi itasoma karibu omu 1.4. Ikikaribia 2 au kuvuka, rudisha.

Ukishapata shaba safi yenye unene unaofaa, waya wa bei mara hamsini hautakuongezea kitu kwenye hesabu hizi. Kuna hali chache za kweli ambapo muundo wa waya unahusika. Nyaya zilizosukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba zinaweza kuwa na kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) kubwa, na baadhi ya amplifaya huyumba zikiunganishwa nazo. Naim ya Uingereza kwa miaka mingi imetengeneza amplifaya zinazotegemea indaktansi ya waya (tabia ya kupinga mabadiliko ya mkondo) ili zitulie, ndiyo maana inashauri waya wake wenyewe, usiopungua mita 3.5 kila upande. Mwenye Naim ya zamani afuate maelekezo hayo hata kama spika ziko hatua moja tu kutoka kwenye kabati.

Kuhusu nyaya za RCA kati ya vyombo: impedansi ya kuingilia kwenye amplifaya iwe angalau mara kumi ya impedansi ya mtoko wa chombo kinachoitangulia. Priamplifaya (chombo cha kudhibiti sauti kabla ya amplifaya) ya valvu ikiunganishwa kwenye amplifaya yenye impedansi ndogo ya kuingilia, besi hupungua, na watu huanza kubadilisha nyaya bila sababu. Mita 1 ya waya wenye kinga nzuri inatosha. Ukihitaji mita 5 au zaidi, tumia waya wa XLR, wenye plagi ya pini tatu, kama vyombo vyako vimejengwa kwa ajili yake, maana huzuia vizuri mvumo unaookotwa njiani.

Hatua ya 7: Umeme wa ukutani

Amplifaya nyingi za mtumba za Luxman, Accuphase au Sansui zinazotoka Japani moja kwa moja ni za volti 100, na za Marekani ni 120. Tanzania tuna 230 na Kenya 240. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Utahitaji transfoma ya kushusha volti yenye uwezo mkubwa kuliko wati zinazovutwa, angalau mara moja na nusu. Stebilaiza ndogo ya televisheni huikaba amplifaya kubwa, usiitumie. Waya wa ardhi usikatwe hata kama fundi anakuambia mvumo utaisha. Mvumo wa namna hiyo hutafutwa kwa kuchomoa chombo kimoja kimoja hadi unyamaze, na mara nyingi chanzo huwa king'amuzi chenye waya wa antena au dishi.

Hatua ya 8: Kuunganisha

Zima kila kitu, chomoa ukutani. Ondoa ganda la waya sentimita moja, sokota nyuzi vizuri pasibaki uzi uliochomoza, kaza kwa vidole. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Kama rangi za waya zinakuchanganya, chukua betri ya volti 1.5, gusa ncha za waya upande wa amplifaya kwa sekunde moja ukiwa umezichomoa huko. Wufa ikisogea nje, ncha iliyo kwenye chanya ya betri ndiyo chanya. Spika moja ikigeuzwa, besi hupotea na mwimbaji hajulikani amesimama wapi.

Washa chanzo kwanza, amplifaya mwisho, sauti ikiwa chini. Kuzima ni kinyume chake.

Hatua ya 9: Sikiliza kwa haki

Weka spika zikiwa mbali na ukuta wa nyuma, nusu mita hadi mita moja, zielekee kidogo kwenye kiti. Tumia muziki unaoujua mwilini. Mimi hutumia okestra ya taarabu ya Unguja, kwa sababu ina besi kubwa ambayo noti yake ya chini ni hezi 41, kanuni yenye ncha kali, nai yenye pumzi, na sauti ya mtu katikati. Kisha sebene la rumba, gitaa tatu zikipishana. Ukiweza kuzitenga gitaa hizo bila jitihada, na besi ikasimama na kunyamaza kwa wakati wake, ndoa imekubali.

Ukitaka kulinganisha amplifaya mbili au nyaya mbili, sawazisha sauti kwanza. Cheza mlio wa hezi 100, pima volti kwenye nguzo za spika kwa testa, ziwe sawa ndani ya asilimia 1. Bila hivyo kile kilicho na sauti kubwa kidogo kitashinda kila mara, hata kama si bora. Kisha mwombe mtu akubadilishie bila kukuambia kipi kiko kazini, na uandike majibu yako kwenye karatasi. Kwa spika mbili tofauti utajua mara moja. Kwa amplifaya ya valvu dhidi ya transista kwenye spika ngumu, mara nyingi utajua pia. Kwa waya wa shaba wa 2.5 dhidi ya ule wa bei ya pikipiki, kama majibu yako yamegawanyika nusu kwa nusu, mrudishie muuzaji waya wake kabla siku za kurudisha hazijaisha, na fedha hiyo inunue zulia.